Kitufe cha Kungojea Bendera

Kabati la zamani lilikuwa refu kuliko mimi, na mimi si mfupi. Lilisimama nyuma ya mashine, rangi yake ya kijani imebabuka, na ndani yake kadi za umeme zimepangwa wima kama sahani zinazokaushwa. Mijusi walilipenda kwa sababu ya joto. Kila Jumatatu kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufungua mlango wake na kuwafukuza, na mara nyingine nilimtoa mmoja aliyekauka kati ya nyaya mbili, mkia bado umeinuka. Kisha nilifunga mlango, nikawasha, na kama hapakutoka moshi tulisema asante Mungu, kazi ianze.

Nilikuwa fundi umeme wa kiwanda cha mbao hapa Kisangani, miaka ile nchi yetu ikiitwa Zaire na sisi sote, mkubwa na mdogo, tukiitwa Citoyen na Citoyenne, yaani raia. Katika karakana nzima mwanamke nilikuwa peke yangu. Baba yangu, Mwislamu wa Maniema aliyeletwa huku na kazi ya reli, ndiye aliyenipeleka shule ya ufundi. Shangazi zangu walipolalamika aliwajibu kwamba umeme hauulizi kama wewe ni mwanamke ao mwanaume, unapiga tu. Hoja hiyo haikuwatuliza, lakini ilinitosha mimi.

Mashine yenyewe ilikuwa ya kuchonga. Meza pana ya chuma, na juu yake kisu kinachozunguka, kimeshikwa na mkono wa chuma uliokwenda mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, bila mtu kuugusa. Amri zilitoka kwenye utepe wa karatasi wenye matundu. Utepe ukipita, kabati linasoma matundu, kisu kinafuata. Wazungu walioileta walikwisha kuondoka, siku ile serikali ilipogawa biashara zao kwa wenyeji. Waliondoka na magari, wakaacha mashine, kwa kuwa mashine haiingii kwenye koti.

Sasa, karatasi na mvua za Kisangani hazipatani. Utepe ulivuta unyevu, ukalegea, matundu yakasomeka ovyo, na mashine badala ya kuchonga ua ilichonga kitu kama kiazi cha jimbi. Dawa yake ilikuwa pasi ya makaa. Utepe uliwekwa kati ya vitambaa viwili, ukapigwa pasi polepole kama shati la harusi, halafu ukapelekwa mbio kwenye kabati kabla haujapoa. Aliyepiga pasi alikuwa tonton.

Hakuwa mjomba wangu, kama neno lenyewe la Kifaransa linavyosema. Alikuwa mtu wa mto, mzaliwa wa upande wa Isangi, umri wa baba yangu, na kwetu mtu wa umri huo ni tonton wa kila mtu. Aliiendesha mashine hii tangu wakati wa wazungu. Alikuwa mwembamba, mpole, mpenda pilipili, na sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa. Ukitaka kumwambia neno ulizunguka upande wa kulia. Kisu kikizunguka hakukisikiliza. Aliweka kiganja juu ya meza ya chuma, akafumba macho kidogo, akajua kama kinakata vizuri.

Siku kabati lilipotoa moshi kweli, hakuna aliyeshangaa. Kiwanda kikaagiza jipya. Lilikuja kwa boti kutoka Kinshasa, limekaa njiani hata nikadhani limeliwa na viboko, na lilipofunguliwa tulicheka. Lilikuwa sanduku la kijivu, ukubwa wa sanduku la nguo za bibi arusi, lenye kioo kidogo kinachoandika kwa kijani. Tonton alilizunguka akapiga mbavu zake kwa kidole.

"Ni hii tu? Ile ingine yote ilikuwa ya nini sasa?"

"Ile ingine ilikuwa nyumba ya mijusi," nikamwambia.

Kazi ya kubadilisha niliifanya mimi, kwa msaada wa kitabu cha Kifaransa kilichokuja na sanduku. Nilikata nyaya za zamani, nikazifuata moja moja hadi kwenye mota, nikazifunga kwenye vituo vipya. Sitaki kujisifu, lakini nilifurahi, furaha ile ya mtu anayefagia chumba kilichokuwa kimejaa takataka. Utepe ulisomwa mara moja tu, ukiwa umepigwa pasi vizuri, na sanduku likaweka yote kichwani mwake. Pasi ya makaa ikarudi nyumbani kwa mke wa tonton, ambaye siku zote alidai ilikuwa yake.

Sanduku lilikuwa na dosari moja tuliyoiona mapema. Asubuhi viwanda vyote vya mji vilivuta umeme pamoja, taa zikafifia, na kile kioo cha kijani kikazimika. Kabati la zamani lilivumilia. Hili, hapana, lilikuwa na madaha. Basi kazi ndefu tukazisogeza alasiri, viwanda vikubwa vikishafunga na umeme wa bwawa la Tshopo ukitutoshea.

Ndipo likaja agizo la mlango. Chama, kilichokuwa kimoja tu nchini, kilikuwa kinamalizia ukumbi wake na kilitaka mlango mpana wa mbao ya lifaki, katikati umechongwa alama yake, mkono ulioshika mwenge. Lifaki ni mbao nyekundu, nzuri, na ya kukauka polepole. Kiwandani palikuwa na mbao kavu za kutosha milango miwili tu, zilizoletwa kwa lori kutoka Bafwasende kabla ya mvua kuharibu barabara. Zikaunganishwa kwa gundi zikawa vipande viwili vipana, kimoja cha kazi na kimoja cha akiba.

Lazima nieleze habari ya bendera, kwa sababu vijana wa leo hawaijui. Ng'ambo ya ukuta wetu palikuwa na ofisi ya serikali yenye mlingoti. Jioni bendera iliposhushwa, mlinzi alipiga filimbi. Hapo ulipo, unasimama. Baiskeli unashuka. Mtungi wa maji unabaki kichwani. Maneno yanakatwa katikati. Filimbi ya pili ikilia, dunia inaendelea. Ndani ya karakana hatukuisikia kwa kelele za mashine, kwa hiyo mtu wa mlangoni aliinua mkono, wa pili akamwona akainua, na wa tatu, hadi mwisho. Kila mmoja alizima alichokuwa akikifanyia kazi, akanyoosha mikono mapajani.

Na tonton alibonyeza kitufe chekundu. Miaka yote alikibonyeza. Kabati la zamani likasimamisha utepe pale pale, kisu kikanyamaza, nasi tukanyamaza. Baada ya filimbi ya pili alibonyeza cha kijani, utepe ukaendelea kutoka tundu lile lile. Mashine ilikuwa raia kama sisi.

Siku ya mlango wa kwanza mkurugenzi alikuja mwenyewe kuangalia, pamoja na mtu wa chama wa pale kiwandani, maana kila kiwanda kilikuwa na wake. Kazi ilikwenda vizuri ajabu. Vidole vya ule mkono vilitokea kimoja kimoja kwenye mbao. Nilikuwa nimemweleza tonton mapema kwamba chekundu cha sanduku jipya ni cha hatari tu, kinalisahaulisha kazi ilipofikia, na alikuwa ameitika. Bendera haikupita akilini mwa yeyote kati yetu. Nani anafikiria kupumua? Hata kitabu cha Kifaransa hakikuitaja. Huko kilikoandikwa, nadhani, watu hufanya kazi jioni moja kwa moja.

Mkono wa mtu wa mlangoni ukainuka. Niliona kidole cha tonton kinakwenda kwenye chekundu, na sikuweza kupiga kelele, kwa kuwa filimbi ilikuwa imekwisha kulia nami nilikuwa nimesimama wima kama mshumaa. Mashine ikanyamaza. Bendera ikashuka. Filimbi ya pili. Akabonyeza cha kijani.

Sanduku lilikuwa limesahau lilipofikia. Lilidhani kisu kiko juu hewani, kumbe kiko ndani ya mbao, nalo likaanza kazi upya kwa kukikimbiza kwenye kona ya mwanzo. Kikapita mshazari katikati ya mkono na mwenge, kikirusha vipande. Mtu wa chama aliinama nyuma ya mkurugenzi. Tonton akabonyeza chekundu tena, kikasimama.

Mkurugenzi hakupandisha sauti. Alivaa abakosti ya kijivu, koti la wakubwa wa enzi ile, iliyopigwa pasi sana, na alitoa kibanzi kimoja kwenye bega lake.

"Kumebaki kipande kimoja," akasema. "Citoyen, hiki kikiharibika, unakwenda kwenye magogo. Mashine tutampa mutu anayeweza kujifunza."

Tonton akasema, "Ndiyo, Citoyen Directeur," na akaanza kufagia.

Nilikasirika sana. Magogo ni uwanja wa nyuma, kando ya mto, ambako miti mizima iliteremshwa ikiviringika, na wanaume walipokezana onyo kwa mdomo: "Chunga!" Aliyesikia aliruka. Tayari kulikuwa na mmoja ambaye hakuruka, na huyo alikuwa na masikio yote mawili. Kumpeleka pale mtu wa sikio moja, tena mzee, kulikuwa kumchimbia kaburi na kumpa koleo alishike. Mkurugenzi labda hakuwaza hivyo. Labda alisahau habari ya sikio. Sisi hatukusahau.

Nilizunguka upande wa kulia nikamwambia, "Tonton, tuache tu mashine itembee. Bendera ikishuka, sisi tusimame, yenyewe ichonge. Nani atajali?"

Aliegemeza ufagio.

"Weye unajua hii sikio ilikufa namna gani?"

Sikujua. Nilidhani ni mashine.

"Nilikuwa natoka Kabondo na velo, mikate ya kwanga nimefunga nyuma. Upepo ulikuwa mukali, sikusikia filimbi. Mi nilikanyaga tu. Basi askari mumoja akanishusha. Alinipiga kofi moja. Moja tu, mama. Na velo ile ilikuwa bila kelele." Akatazama mashine, ambayo, tofauti na baiskeli, ikizunguka husikika hadi sokoni. "Sasa hii?"

Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayekueleza bei ya samaki. Mimi ndiye niliyelowa machozi, na nikakasirika zaidi kwa kuyatoa mbele ya wanaume, nao wakasema moshi wa gundi umeniingia machoni.

Hatukuweza kuomba bendera ingoje. Hatukuweza kuchonga asubuhi, sanduku lingezimika. Usiku kiwanda kilifungwa. Mchongo wote ulihitaji alasiri yote na jioni, hata ungeanza vipi bendera ingeukuta njiani. Nikarudi kwenye kitabu. Nilikisoma nyumbani, nilikisoma njiani, nilikisoma nikichambua sombe, majani ya muhogo, hadi mama akaninyang'anya. Katika kurasa za nyuma, zile za michoro ambazo mtu hafungui, niliona kituo kimoja ambacho sikuwa nimekifunga waya. Kazi yake ilikuwa kusimamisha mwendo tu. Mkono wa chuma unasimama ulipo, sanduku linakumbuka kila kitu, amri ikirudiwa unaendelea. Ila kisu chenyewe hakisimami, kinazunguka pale pale.

Kitufe cha kufunga hapo hatukuwa nacho, basi nilikwenda kwenye kabati la zamani, lililokuwa limetupwa kwenye banda la mvua, nikang'oa chekundu chake. Kilikuwa kimelika katikati kwa kidole cha tonton, kimekuwa na kibonde. Nikakifunga ubavuni mwa mashine, pale mkono wake ulipozoea kwenda wenyewe. Chekundu kipya nikakifunika kwa kopo la nyanya.

"Sikiliza vizuri," nikamwambia. "Ukibonyeza, mashine itangoja. Lakini kisu kitazunguka mahali pamoja. Kitaunguza mbao."

"Itaunguza sana?"

"Kadiri ya bendera."

Aliitikia kwa kichwa. Wote wawili tulimfahamu mlinzi wa ng'ambo. Siku nyingine aliishusha upesi, njaa imemshika. Siku nyingine, kama kulikuwa na wageni, aliishusha kwa maringo, kamba inapita mkononi mwake kidogo kidogo, kana kwamba mlingoti hauna mwisho. Na chini ya mashine yetu vumbi la mbao lilikuwa limelala, kavu.

Siku ya mlango wa pili nilifagia vumbi lile mwenyewe mara baada ya mara, nikaweka ndoo ya maji karibu. Mkurugenzi hakuja, alisema ataona matokeo; mtu wa chama alikuja peke yake. Ule mkono wa mwenge ukatokea, vidole, kiganja, kisha mwanzo wa kidole gumba. Tonton aliweka kiganja chake kwenye chuma. Alikuwa amevaa shati jeupe, lile la Jumapili, na sikumuuliza kwa nini.

Mkono wa mlangoni ukainuka.

Alibonyeza kitufe cha zamani. Mkono wa chuma ukasimama. Kisu kikaendelea kuzunguka, kikipiga mluzi mwembamba usiovuka ukuta, na sisi tukanyoosha mikono. Kidogo nikasikia harufu. Lifaki ikiungua hunukia vizuri, kama kitu cha jikoni, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Uzi wa moshi ukapanda kutoka kwenye kidole gumba cha ule mkono wa chama. Ndoo ya maji ilikuwa karibu na mguu wangu, ningeweza kuigusa kwa kidole cha mguu. Sikuigusa. Hakuna aliyeigusa. Mtu wa chama alikuwa mbele yetu, amesimama wima kuliko wote, macho yake yametoka yakifuata ule moshi hadi darini, na jasho linamtiririka. Ng'ambo ya ukuta mlinzi alikuwa na wageni, nadhani. Niliomba kwa dini yangu, na nikaona midomo ya tonton inaomba kwa yake.

Moshi ukawa mnene. Cheche moja ikaruka, ikafa hewani.

Filimbi.

Tonton akakibonyeza tena kitufe, na mkono wa chuma ukaondoka, taratibu, kwa njia yake, kana kwamba haujawahi kusimama. Nilimwaga maji yote sakafuni, hata pasipohitaji. Mwenge ukamalizika, moto wake wote, kila ulimi. Ulikuwa mzuri, naapa. Lakini kwenye kidole gumba palibaki duara jeusi, ukubwa wa kifungo cha koti, limeingia ndani. Nilijaribu msasa. Lilikwenda chini zaidi ya msasa.

Asubuhi mkurugenzi alikuja na mtu wa chama. Alitembea kuuzunguka mlango, akapitisha kidole kwenye mwenge, akaanza kutabasamu, kisha kidole kikafika kwenye gumba. Akainama.

"Na hii nyeusi iko nini?"

Nilifungua mdomo kueleza habari ya mota na mwendo. Tonton alinitangulia. Alikuwa amekunja mikono mbele, mpole vilevile.

"Hiyo ni bendera, Citoyen Directeur."

"Bendera?"

"Bendera ilikuwa inashuka. Mashine ilisimama kwa heshima. Hapo ndipo ilisimama." Akafikiri kidogo. "Kama Citoyen anaona ile heshima ilikuwa ya murefu sana, bon, tunaweza kuitoa kwa rangi."

Wanaume wote walikuwa wameinamia kazi zao kwa bidii ambayo sijaiona tena. Mkurugenzi alimtazama mtu wa chama. Mtu wa chama alitazama lile duara muda mrefu. Yeye alikuwepo, alikuwa amesimama, alikuwa ameona moshi. Alikohoa.

"Iachwe," akasema. "Iko vizuri vile."

Mlango ukafungwa kwenye ukumbi na duara lake. Tonton alibaki kwenye mashine hadi alipostaafu, na habari ya magogo haikutajwa tena. Baadaye nilipata namna ya kukiinua kisu kidogo wakati wa kungoja, kisiunguze, lakini hiyo ilikuwa kazi ya miezi.

Jioni ile ya siku mlango ulipokubaliwa tulitoka pamoja getini. Alikuwa anasukuma baiskeli. Karibu na mlingoti ule hakupanda kamwe, hata asubuhi. Nilizunguka upande wake wa kulia.

"Tonton, na kama jana bendera ingekawia?"

"Karakana ingewaka," akasema. "Ingewaka yote, mama. Na sisi tungesimama tu pale, mikono chini, tunaiangalia."

Tulipoupita mlingoti alipanda baiskeli, akaenda zake Kabondo.